Hadi Laki Tisa

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Kitinda wangu anakusalimu. Amerefuka ghafla, sketi zake zote nimeziteremsha pindo, na kitambaa cha kuteremsha kimeisha. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoahidi kuliziba; ndoo imekaa hapo chini mpaka tumeizoea kama mpangaji. Jirani yetu fundi viatu amepata mjukuu na anamwonyesha kila mteja, hata yule aliyekuja kudai kiatu chake. Nasi tupo, wazima kwa kadiri ya watu waliopungua mmoja.

Nasikia unalalamika kwa ndugu kwamba sipokei simu. Ni kweli. Nimeizima tangu tulipomzika Viungo. Maneno ya simu huingia sikio hili yakatokea lile, nawe tangu utoto mdomo wako una asali. Nataka maneno yanayokaa mahali. Ukinitaka, andika, uiweke barua kwenye mzigo wa vitambaa vya chuo chenu. Basi litaleta, kama linavyoleta kila mwaka ninapowashonea majoho.

Jana nilifungua begi la kazi la mwanangu. Nimekuta chupa ya mafuta ya kukandia, nusu, na ule mpira mdogo wa kijani ambao wagonjwa wake walikuwa wanauminya ili vidole virudi na nguvu. Nikakumbuka siku alipotangaza hapa uani kwamba anakwenda chuo kusomea viungo, na mama muuza mboga akamwambia, "Umefanya vizuri mwanangu, bizari haimtupi mtu." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jina likamganda, hata hospitalini wakamwita Viungo.

Tangazo ulilotuletea siku ile bado liko nyuma ya mlango, sijalibandua. Lina msichana wa koti jeupe anayecheka, na chini yake maandishi: Shahada ya tiba ya viungo, mshahara wa mhitimu hadi laki tisa kwa mwezi. Ulikaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu, ukanyanyua mikono yote miwili kama kawaida yako, ukasema, "Laki tisa, Dada! Deni atalilipa huku anapiga mluzi." Nami nikatia saini ya udhamini, nyumba hii ikawa dhamana.

Wakopeshaji wameniandikia. Wanasema mkopaji akifa, deni halifi.

Sasa niseme kilichoniketisha kuandika. Kitinda amepata barua yako ya kumwita chuoni akasomee eksirei. Amefurahi, analala nayo chini ya mto. Mkopo ni wa walewale, na dhamana ni nyumba ileile, kwa kuwa hatuna nyingine. Sijakataa kutia saini. Ila nijibu kwanza jambo moja: chuo kilikupa nini wewe kwa kumpeleka mwanangu?

Dada yako

*

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu tele kutoka kwangu, kwa wifi yako na kwa wanao wa huku. Mkubwa ameanza kuvunjika sauti, akiongea unadhani kuna mlango unafunguliwa. Mke wangu anasema ile blauzi uliyomshonea bado watu wanaiulizia. Mimi nimenenepa kidogo, ndiyo heshima ya ofisi.

Dada, barua yako imenichoma. Hakuna anayemlilia Viungo kuliko mimi mjomba wake. Ndiyo maana nilikuja na shada kubwa kuliko yote pale makaburini, na utepe wa dhahabu wenye jina la chuo. Lakini kazi ya Mungu haina makosa, na tukisema kweli, mpwa wangu hakuwa na subira. Wenzake waliosubiri nafasi nzuri wanakula vizuri. Yeye alikimbilia hospitali ya kwanza iliyomwita.

Kuhusu swali lako, hayo ni mambo ya ofisi. Hata ukiyajua hayakutungii uzi kwenye sindano. Tumtazame aliye hai. Eksirei ndiyo kazi ya sasa, Dada! Hospitali zinalilia watu, mashine zimenunuliwa hazina wa kuziendesha. Mhitimu wa eksirei anapata hadi milioni. Kitinda akimaliza atalipa deni lake na la dada yake, wewe ukae uoteshe maua.

Fomu ya mdhamini irudi kabla ya mwezi wa kumi. Usichelewe, nafasi ni chache na nimemwekea ya kwake kwa jasho.

Mdogo wako akupendaye

*

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu na picha ya watoto. Huyo wa sauti ya mlango amefanana na baba yetu mashavuni. Hapa mvua imeshuka, ndoo ya jikoni tumeiongezea mwenzake.

Umesema mwanangu hakuwa na subira. Ulikuja siku ya mazishi tu, kwa hiyo nikueleze yaliyotokea ulipokuwa hupo.

Mwaka wa kwanza baada ya shahada alikuwa mtarajali. Kazi ilikuwa kazi, mshahara ulikuwa nauli. Wakopeshaji hawakungoja, riba ilianza siku alipovua joho nililomshonea mwenyewe. Halafu akaajiriwa. Laki tatu. Ikikatwa ya mkopo inabaki laki moja na nusu, na humo kuna chumba, nauli, chakula na viatu, maana kazi ile ni ya kusimama. Deni lilikuwa milioni kumi na nane. Alilipa miaka miwili, akaenda kuuliza limebaki ngapi, wakamwambia kumi na tisa. Alirudi akakaa kwenye kigoda kilekile ulichokalia wewe, akacheka peke yake.

Nilimwambia, "Lakini mjomba wako alisema laki tisa."

Akanyoosha kidole kwenye tangazo. "Soma tena, Mama. Imeandikwa hadi laki tisa."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo. Hadi ni dari. Umemwona nani akatandika mkeka kwenye dari? Watu tunalala chini huku, dari tunaitazama."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Hadi kwangu ni kama kusema nimetoka sokoni hadi nyumbani, yaani nimefika. Sikujua kuna hadi ya kutofika.

Ndipo akaanza kuzunguka majumbani jioni baada ya zamu, kuwanyoosha watu waliopooza. Aliipenda kazi, usidhani aliichukia. Kuna mzee mmoja alimtoa kitandani mpaka dirishani, hatua kwa hatua, na siku alipofika dirishani mzee akasema, "Kumbe ule mti walishaukata." Viungo alikuja kunisimulia huku machozi yanamtoka kwa furaha. Lakini alikuwa anakohoa. Akasema ni vumbi la njiani. Nikamwambia aende akapimwe, si anafanya kazi hospitalini? Akasema siku asiyofika hailipwi. Akafika kila siku, mpaka siku aliyofika akalazwa kwenye wodi yake mwenyewe, na mapafu yamejaa.

Hiyo ndiyo subira aliyokosa.

Swali langu hujalijibu. Narudia: chuo kilikupa nini?

Dada yako

*

Tarehe 28 Mei

Dada,

Usinione kimya. Kazi zimenielemea, tena kazi za heri. Pokea habari njema, ndugu yako sasa ni Mkuu wa Udahili! Nina meza yenye droo zinazofungwa kwa ufunguo na kiti kinachozunguka. Mke wangu ananiita Mheshimiwa, sijui ananitania au la. Watoto hawajambo.

Mahafali ni katikati ya mwezi wa kumi. Wahitimu ni wengi kuliko mwaka jana, na safari hii wanakuja pia wazazi wa watoto wanaotaka kujiunga, ukumbi mzima. Mimi ndiye nitakayewahutubia. Nimewaambia wakubwa kwamba majoho hayashonwi na mtu mwingine ila Dada yangu. Umeona? Mimi si mtu wa kusahau damu. Vitambaa viko kwenye mzigo huu. Na langu nalitaka la pekee: jeusi zito, mikono mipana, bitana nyekundu ndani, kola iliyosimama. Nataka nikitoka pale jukwaani watu waulize, "Yule nani?"

Maswali ya zamani tuyaache yalale, Dada. Tukiyachokonoa tunajiumiza bure.

Fomu ya Kitinda nangoja.

Mdogo wako, Mkuu wa Udahili

*

Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Hongera ya cheo. Vitambaa vimefika vikavu, namshukuru utingo wa basi, aliviweka mbali na samaki wa watu. Kitinda anasaidia kukata. Mkono wake umetulia kuliko wangu sasa.

Joho lako nitalishona mwenyewe, kila tundu la sindano. Nitumie urefu wa mkono kutoka begani hadi kiganjani, na hii hadi uipime mpaka ifike. Halafu niambie, bado unanyanyua mikono ukihutubia? Nakumbuka ulivyokuwa mdogo, ukitumwa kuswaga kuku jioni unainua mikono yote miwili kama unataka kuruka, nao wanakuja mbio kwa kukudhania una mtama. Mama alikuita Mbawa. Mkononi hukuwa na kitu, na kuku kila siku walikuja. Nauliza kwa ajili ya vipimo. Mtu anayenyanyua mikono joho lake hukatwa tofauti, kwapa linahitaji nafasi, na bitana inaonekana.

Juzi alikuja kunitembelea mwenzake Viungo, yule dada mnene wa chumba cha eksirei ambaye siku ya msiba aliosha vyombo vyote. Kitinda akamwonyesha barua yako ya milioni. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema, "Hiyo milioni inalipwa wapi, mwanangu, na mimi nihamie?" Yeye ana miaka kumi na moja kazini na hajaiona. Ila alisema kazi yenyewe si mbaya, ni bei ya kuingilia ndiyo mbaya. Chuo cha serikali kinatoa stashahada ya eksirei, ada yake kidogo, na pale kwao mwenye stashahada na mwenye shahada ya kwenu wanaanza mshahara mmoja, wanapishana mlango mmoja. Usiku ule barua yako haikuwa chini ya mto wa Kitinda, niliiona mezani, imewekewa sufuria juu.

Sijatia saini. Sijakataa. Nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho, maana ya nne sitauliza: chuo kilikupa nini kwa kichwa cha mwanangu?

Dada yako

*

Tarehe 15 Agosti

Dada,

Naandika kwa haraka, wageni wa wizara wako nje. Wote wazima.

Mkono begani mpaka kiganjani ni sentimita sitini na mbili. Umenichekesha na kuku! Ndiyo, bado nanyanyua, huo ndio umaarufu wangu. Nikifika kwenye mshahara nanyanyua mikono yote, ukumbi mzima unapiga makofi. Kata mikono mipana kabisa, bitana iwake.

Huyo mama wa eksirei ana wivu, usimsikilize. Watu wa stashahada siku zote wanaisema vibaya shahada. Fomu, Dada, fomu! Nisiaibike kwa mpwa wangu mwenyewe.

Mdogo wako

*

Tarehe 1 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote wa nyumba yako. Majoho yote yamo, nimeyahesabu na kuyakunja kwa ukubwa. Lako liko juu, peke yake, kwenye karatasi nyeupe. Limepigwa pasi vizuri, usilifunue mpaka saa ya kulivaa, bitana isije ikakunjamana.

Kola imesimama ulivyotaka. Mikono ni mipana. Nyanyua vizuri.

Fomu sikuiweka.

Dada yako

*

Tarehe 19 Oktoba

Dada,

Salamu sina. Ulichonifanyia hakuna adui aliyewahi kunifanyia.

Nilivaa joho lako dakika za mwisho, watu wakanisifu, nikapanda jukwaani. Nimeanza vizuri. Nimewasalimu wazazi, nimewachekesha. Nikafika pale nisemapo, "Na mtoto wako akitoka hapa, mzazi mwenzangu, atapata hadi laki tisa!" Nikanyanyua mikono. Nikangoja makofi.

Hayakuja.

Nikadhani hawakusikia. Nikanyanyua juu zaidi! Mikono ya joho ikaanguka mpaka mabegani, bitana yote nje. Mzee mmoja wa safu ya tatu akasimama na fimbo yake akasema, "Mwalimu, hebu kaa hivyohivyo, upande wa deni sijausoma vizuri." Ndipo nikageuza shingo nikaona. Mkono wa kushoto, herufi kubwa za dhahabu: DENI MILIONI 18. Mkono wa kulia: MSHAHARA LAKI 3. Nami katikati nimesimama kama mizani ya duka!

Wahitimu nyuma yangu wakaanza. Mmoja kwanza, kisha wote, na majoho yako hayohayo mabegani mwao: "Hadi! Hadi! Hadi!" Wazazi wakawa wanawauliza watoto waliohitimu mwaka jana na kuja kuwapongeza wenzao, "Wewe unapata ngapi?" na watoto wanajibu, Dada, wanajibu kwa sauti! Watu walitoka na fomu mkononi hazijajazwa. Mkuu wa chuo alinivua joho kwa mikono yake.

Nimesimamishwa kazi. Ufunguo wa droo nimeurudisha. Majoho hawatakulipa, na mwakani watashonesha kwingine, kwa hiyo umejichoma na wewe. Mke wangu ananitazama kama mgeni aliyekaa mno. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekivaa mbele ya watu, kimepigwa pasi!

Na hiyo bahasha ya chuo unayoing'ang'ania mwaka mzima, kama ndiyo iliyokukosesha utu, basi sikia. Walituahidi hadi laki mbili kwa kila kichwa. Nilipata laki moja. Laki moja tu, Dada! Nayo iliisha kwenye viatu. Kwa laki moja umeniua.

Utepe ule wa dhahabu uliutoa wapi? Mke wangu anasema ameuona mahali.

Niambie utaninunia hadi lini. Sisi ni tumbo moja. Mama angekuwepo angekwambia unisamehe.

Mdogo wako

*

Tarehe 5 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nakuletea zote, zako na za mkeo, na mwambie huyo mwanao wa sauti ya mlango kwamba itatulia, asione haya. Hapa jikoni fundi viatu amepanda juu ya paa kwa hiari yake akaliziba kwa mpira wa gurudumu. Halivuji. Ndoo tumezirudisha bafuni.

Kitinda ameanza stashahada yake chuo cha serikali. Ada naimudu kwa sare za shule. Alivyoondoka alibandua tangazo nyuma ya mlango, akakata sehemu moja tu akaibakisha. Nitakueleza ni ipi.

Utepe mkeo aliuona kwenye shada lako. Nilipokwenda kusafisha kaburi, maua yalikuwa yameshanyauka ila utepe ulikuwa mzima. Kitambaa kizuri, hakichuji. Nikaufua, nikaunyoosha, nikaukata herufi. Jina la chuo lilitosha kwa herufi zote, pakabaki kipande kidogo, nacho nimefungia ule mpira wa kijani. Uko hapa kwenye cherehani. Jioni nauminya.

Kutolipwa majoho nilijua. Nilipokuwa natia uzi wa kwanza kwenye bitana yako nilishaitoa hesabu hiyo. Nilishona bila haraka, mshono mdogomdogo, ili hata ukivuta usibanduke. Sikulia. Tangu msiba sijapata siku nzuri ya kazi kama ile.

Umenijibu swali langu, nashukuru. Laki moja na viatu. Siku ya mazishi niliviona, vilikuwa vyekundu kidogo na vinalia ukitembea. Nilidhani ni vya kazini. Kumbe na wewe walikuahidi hadi, nawe hukufika. Hilo limenichekesha kidogo, nisamehe.

Sasa hilo la kuninunia hadi lini. Umesema sisi ni tumbo moja, na ni kweli, na Mama angetaka. Nimeketi na Kitinda kabla hajaondoka, tumelizungumza, naye akanikatia neno kwenye tangazo lako, herufi nne tu, akanibandikia hapa mbele ya macho yangu nisije nikakosea nikikuandikia.

Kwa hiyo pokea, mdogo wangu, na uiweke barua hii, maana ni maandishi.

Nimekusamehe hadi asilimia mia moja.

Dada yako